Risasi Iliyopikwa Jikoni Kwangu

Mliniacha uwanjani kwa Shigela, mfumu, yaani mganga apigaye ramli kwa kuku, nimeketi chini na miguu nimeinyoosha kama mtuhumiwa, maana ndivyo nilivyokuwa. Kuku alikuwa ameshapasuliwa. Shigela akainamia matumbo yake, akayapekua kwa kijiti, akasema: "Kuna kitu kilichotoka majini. Kimeingia katika nyumba ya Malimi, nacho ndicho kilichofunga uzazi."

Ukoo mzima ukageuka kunitazama mimi. Nani mwingine pale alikuwa ametoka majini?

Kwa aliyenunua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nitasema kwa ufupi, kisha tuendelee. Mimi ni Ernestina, binti wa Januarius, mvuvi wa Lamadi. Niliolewa kanisani na Malimi, mkulima wa pamba upande wa Bariadi, kwa ng'ombe wa mahari ambao baba yangu hakukaa nao hata msimu mmoja. Aliwatoa wote kumtafutia mke kaka yangu Constantine.

Mwaka wa kwanza wa ndoa tulicheka. Mwaka wa pili damu yangu ya mwezi ikakatika, mama mkwe akapiga vigelegele, akidhani ni mimba. Tumbo halikukua. Badala yake likaanza kuninyonga, nikawa nakunjamana sakafuni hadi jasho linanitoka. Malimi naye mkono wa kulia ukalegea, kiganja kikaning'inia, akashindwa hata kukamua ng'ombe. Na kitandani, hili naliandika kwa aibu lakini niliahidi kutoficha, mume wangu akanigeuzia mgongo. Hakuwa na hasira nami. Mwili wake ulikuwa umekataa.

Ukoo ukaamua kwamba tukishauza pamba, wazee wa pande zote mbili wakutane. Kasoro ikionekana ni yangu, nirudi kwetu na ng'ombe warudi kwao. Na ng'ombe wale watatoka wapi, kama si kwa wakwe wa Constantine? Yaani mimi nikiachwa, wifi yangu naye anaachika, na mtoto wake bado ananyonya. Mzigo huo ndio niliotembea nao mwaka mzima wa 1957.

Msomaji mmoja wa Maswa ameniandikia kwamba nawaonea wakwe zangu. Ndugu yangu, soma ya leo kwanza, halafu uandike tena.

Tuliporudi kutoka kwa Shigela, mama mkwe wangu, mayu Milembe, maana mama kwa Kisukuma ni mayu, aliingia chumbani kwangu, akaliburuta sanduku langu hadi uani, akalimwaga lote juani. Zikatoka kanga, rozari, chupa ya mafuta ya nazi, na mfuko wa dagaa niliotumiwa na mama kutoka Lamadi. Dagaa akawashika kwa ncha za vidole, akawatupia mbwa.

Mbwa wakala, wakajilamba, wakaenda kulala kivulini.

"Mayu, umewaona?" nikamwambia. "Hawajafa."

"Mbwa hawana mimba ya kufungwa," akanijibu, akaondoka.

Siku ile nikaamua kwamba mimi nami nitachunguza. Kama ukoo mzima unanitazama mimi, basi nami nitamtazama kila mmoja wao, na nitaanza na huyu anayemwaga masanduku ya watu.

Jambo moja lilikuwa likinikera kwa muda mrefu. Tangu kiangazi cha mwaka uliotangulia, mayu Milembe alikuwa ameacha kula chakula cha jikoni kwangu. Mwanzoni alisema ni meno. Baadaye akasema ugali wangu ni mgumu. Mwishowe akaacha kutoa sababu, akawa anakula kwa shemeji yangu, na hata maji ya kunywa alikwenda kuyachota huko. Wajukuu wakikimbilia mlangoni kwangu, aliwaita kwa sauti ambayo haikuwa ya ukali. Ilikuwa sauti ya mtu anayeona mtoto anakaribia kisima.

Nikajiuliza, mtu asiyekula jikoni kwako anajua nini kuhusu jiko lako?

Jibu nililojipa lilikuwa rahisi. Anajua kwa sababu yeye ndiye aliyetia kitu humo. Nikaanza kufunika vyungu. Nikaanza kulala na mtungi wa maji chumbani. Akinisalimia "Mwangaluka" asubuhi, nilimjibu huku namtazama mikono. Nilimshuku mama mkwe hadi nikasahau njaa.

Malimi sikumshuku. Nilimwonea huruma, na huruma ni kitambaa kizuri sana cha kumfunga mtu macho.

Sasa niwaeleze kazi aliyoifanya Malimi, maana bila hiyo hamtaelewa lililofuata. Shamba la pamba lilikuwa la msimu, lakini mwaka mzima mume wangu aliyeyusha chubwi, vile vizito vidogo vinavyozamisha nyavu za wavuvi. Chubwi zake zilikuwa za risasi, madini yale ya kijivu yaliyo mazito kuliko unavyodhani. Alizipata kwenye betri mbovu za malori ya kiwanda cha kuchambulia pamba. Madereva walizitupa, yeye akaziokota, akazipasua kwa shoka, akatoa zile sahani za ndani na kuzitia chunguni. Zikiyeyuka tulimimina kwenye vishimo vya mchanga mbichi. Zikipoa, zinasafirishwa ziwani.

Kazi hiyo alifundishwa na baba yangu, mwaka tuliooana. Na alifundishwa pamoja na miiko yake. Kwetu risasi haiyeyushwi nje. Inayeyushwa ndani ya nyumba, mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa gunia, na mke wa mji ndiye anayepuliza moto na kukoroga. Hakuna kusalimiana mpaka imiminwe. Jicho la mtu mwenye wivu likiiona risasi ikiwa bado maji, wavu utakaobeba chubwi zile hautashika hata dagaa. Ndivyo nilivyokuta, ndivyo mama yangu alivyokuta.

Lakini baba alifanya hivyo mara moja kwa mwaka, kwa nyavu zake tu. Malimi alifanya kila wiki, maana wavuvi wa ufuko mzima walikuwa wanazitaka.

Zamani tulikaa ndani wote wawili, tukikohoa na kuchekeana kwa macho kwa kuwa kuongea ni mwiko. Tangu kiangazi kile kile, Malimi akabadilika. Alikuwa anawasha moto, anapanga betri, kisha anatoka, anafunga mlango kwa nje na kuketi barazani. Alisema mkono wake haushiki tena mwiko wa chuma. Alisema pia ni heri akae nje alinde, asipite mtu wa macho mabaya. Nikamwona mume wa maana. Nikakoroga peke yangu.

Kuna pia jambo la ukuta. Betri ikipasuliwa hubaki unga, mwingine mwekundu kidogo, mwingine wa kijivu. Niliona ni hasara kuutupa. Nikauchanganya na udongo na samadi, nikasiriba jiko langu lote, na hakika ukuta ule ulipendeza. Wanawake walikuja kuupapasa, wakiniuliza nimepata wapi udongo wa rangi ile. Sikuwaambia. Uzuri wa nyumba yangu niliutaka uwe wangu.

Damu ilipokatika nikadhani nina mimba, na hamu ya udongo ikanijia kama inavyowajia wanawake wengi. Wengine hununua udongo sokoni. Mimi nilimega ukuta wangu mwenyewe. Ulikuwa mtamu. Sisemi kwa mzaha, ulikuwa na utamu wa kweli ulimini, na mimi sikujiuliza samadi na udongo vinapata wapi utamu.

Wiki moja baada ya kuku wa Shigela, nikawaambia nyumbani kwamba ni zamu yangu ya kufua vitambaa vya altare. Nikaondoka asubuhi na kikapu kichwani. Sikwenda kanisani. Nilikwenda hospitali ya misheni, kwa sababu nilitaka shahidi mwingine asiyekuwa kuku.

Daktari wa pale alikuwa mtawa, Sista Wilhelmina, Mzungu mrefu aliyejifunza Kiswahili kwa wagonjwa wake, basi alikisema kwa lafudhi ya Kisukuma kama sisi wote. Nilimweleza tumbo. Nilimweleza damu. Yeye hakunigusa tumbo. Aliniambia nifungue mdomo, akanishika midomo kwa vidole, akaifunua fizi na kuitazama kwa muda mrefu.

Akanipa kioo kidogo nijitazame. Chini ya meno yangu, pale fizi inapoishia, ulipita mstari wa buluu iliyoiva. Nilikuwa sijawahi kuuona. Nani anajitazama fizi?

"Mama, nyumbani kwenu mnafanya kazi gani ya risasi?" akauliza.

Nikamweleza chubwi. Akauliza zinayeyushwa wapi. Nikamweleza mlango uliofungwa na dirisha lililozibwa. Akauliza kama nakula udongo, nikaona haya, nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia ndiyo, nakula ukuta, na ni mtamu. Hapo akavua miwani yake.

Alinieleza kwa utaratibu, nami nitaeleza kama nilivyoshika. Alisema ndani ya mwili kuna tezi, vitu vidogo vilivyojificha, kingine kichwani, vingine tumboni, vingine kwa mwanamume viko mahali pake. Tezi hizo hutoa majimaji yanayoingia kwenye damu na kubeba amri. Madaktari huyaita homoni. Homoni moja inaamuru yai la mwanamke liive. Nyingine inaamuru damu ya mwezi ishuke. Nyingine inampa mwanamume ndevu, nguvu na hamu ya mke wake. Risasi ikiingia, kwa moshi au kwa mdomo, hukaa kwenye damu na mifupa, ikazivuruga tezi zile. Amri haitolewi, au inatolewa kidogo, au haisikiki. Hata mimba ikishika, hutoka mapema. Alisema wenzake bado wanaichunguza njia yenyewe, lakini matokeo yake ameyaona kwa macho.

"Kwa hiyo si mkosi," nikasema.

"Si mkosi. Ni sumu. Mmeipika wenyewe bila kujua."

Nikamwuliza kama nitazaa. Akasema hajui. Akasema wengi wakitoka kwenye moshi ule na kutibiwa, mwezi wao hurudi, na yupo aliyepata mtoto. Dawa ya sindano inaweza kuagizwa, lakini ni kazi bure nikirudi kulala ndani ya ukuta ule.

Nilitaka kulia kwa furaha. Nilikuwa na shahidi. Nikawaza baraza la wazee, nikamwona Sista amesimama mbele yao na miwani yake. Nikaanza kumweleza habari za mume wangu, mkono ulivyolegea, na kwamba anaitwa Malimi, kwao ni kule ng'ambo ya mto, njia ya Migato.

Sista akaniangalia vibaya. Nasema vibaya kwa kuwa sikujua neno jingine. Akainuka, akafunga mlango.

"Yule wa kiganja kilichoanguka," akasema. "Wewe ndiye mke wake?"

Nikasema ndimi.

"Alikuja hapa kiangazi cha mwaka jana. Nilimwambia haya yote. Nilimwambia aache kazi ile siku hiyo hiyo, abomoe jiko, na akulete kabla ya wiki kwisha. Aliniambia umesafiri kwenda kwenu."

Mimi sikuwa nimesafiri. Kiangazi kile nilikuwa jikoni kwangu, mlango umefungwa kwa nje, nakoroga.

Wasomaji, nimeshaandika misiba mingi katika hadithi hii, lakini huo uliipita yote. Sikumfikiria tena mama mkwe, wala kuku, wala dagaa. Nilifikiria mtu aliyeketi barazani akitazama njia, mgongo ameuegemeza kwenye mlango wangu. Nilikuwa nimesema analinda. Kumbe alikuwa anavuta hewa safi.

Nilimwomba Sista aje kwenye baraza. Akakataa, akaonekana anaumia kukataa. Alisema habari za mwili wa mume wangu ni za mume wangu, na hata hayo aliyoniambia amevuka mpaka kwa sababu maisha yangu yamo hatarini. Kusimama mbele ya ukoo na kutangaza udhaifu wa mwanamume, hapana. Malimi aseme mwenyewe. Yeye Malimi akimtuma mtu kumwita, atakuja hata kwa miguu.

Kwa hiyo ndoa yangu, na ndoa ya kaka yangu, ikabaki kwenye ulimi wa mtu mmoja.

Nilirudi nyumbani na kikapu changu cha vitambaa vikavu. Sikugomba. Mimi nina hasira za haraka, mama yangu alinikanya sana kwa hilo, lakini siku ile nilizimeza. Nilimkuta Malimi anapanga betri kwa ajili ya kesho. Nikamwambia kwa upole kwamba tumbo limezidi, sitakoroga tena, atafute mtu.

Akaniuliza bila kuinua uso, "Sista kakwambia nini?"

Mimi sikuwa nimemtaja Sista. Nilikuwa nimetaja altare.

"Sista gani?" nikamwuliza.

Akaona alipojikwaa. Akasema watu wameniona njiani, watu gani hakusema. Nikaketi karibu naye, nikamshika kile kiganja kilicholegea, nikamwambia kwamba najua, na kwamba sitaki ugomvi. Kesho kutwa wazee wanakutana. Aseme neno moja tu, kwamba alikwenda hospitali na akaambiwa ni risasi. Basi. Mambo ya kitandani hata asiyataje, wakubwa wataelewa wenyewe.

"Hujui unachoniomba," akasema. "Nikisema ni risasi, watauliza imenifanya nini. Nikisema imenifanya nini, nani atanisalimia tena kama mwanamume katika nchi hii? Watanicheka kwenye kila pombe."

"Na mimi nikirudishwa Lamadi?"

Akasema atanifuata. Akasema ataacha watulie, halafu atanifuata kimya kimya. Alisema hivyo huku anauondoa mkono wake kwenye mkono wangu, akiuinua kwa ule mzima kama mtu anayehamisha kitu cha mwenzake.

Siku ya baraza baba yangu alifika na lori la pamba, pamoja na Constantine. Alikuwa amevaa koti na kofia yake ya jeshi aliyorudi nayo kutoka Burma, na amebeba kambare wakavu kwa ajili ya wakwe. Baba yangu ni mtu wa furaha. Alijua ana kesi, lakini aliamini kesi yoyote inaweza kulainishwa kwa samaki. Habari za kuku wa Shigela hakuzijua. Nilijaribu kumwita pembeni nimweleze, wakanizuia, wakasema mwanamke mwenye shauri haongei na upande wake kabla ya shauri.

Wazee wakakaa kwenye viti vyao vya miguu mitatu, mbele ya zizi. Mkubwa wao alikuwa Masunga, baba mkubwa wa Malimi. Shigela mfumu alikaa pembeni yake, ametulia, kama mtu ambaye kazi yake imeshakwisha. Wanawake tulikaa chini, mayu Milembe mbele yangu. Nilikuwa naona mgongo wake tu.

Nilipopewa nafasi nikasema yote ila neno risasi. Nilisema fizi, nilisema mstari wa buluu, nikafunua mdomo, yeyote atakaye aone. Nilisema daktari amegundua kilichofunga uzazi, ni ugonjwa unaotibika. Masunga akaniuliza ugonjwa wenyewe umetoka wapi. Nikasema mume wangu anajua, alikwenda hospitali kabla yangu, na ni haki aseme yeye kwanza. Nilitaka kumpa heshima. Nilitaka jambo hili litoke kinywani mwake, ili wasiseme mke amemvua nguo mume wake hadharani.

Masunga akamgeukia. "Malimi, ulikwenda hospitali?"

Malimi akasimama. Mkono mbovu alikuwa ameufunga ndani ya koti. Alinitazama kidogo sana, akatazama zizi.

"Sijawahi kufika huko," akasema. "Huyu mwanamke anatafuta pa kushika."

Constantine akaweka uso kwenye magoti. Nikasikia wazee wakiguna, mguno ule wa watu wanaofunga shauri. Masunga akasema kwamba basi, kama ni hivyo, lililobaki ni ng'ombe, na akauliza upande wa Lamadi unaweza kuwaleta lini.

Ndipo mayu Milembe alipoinuka.

Kwa desturi mwanamke haongei pale bila kuulizwa. Yeye hakungoja. Alijifunga kanga kiunoni, akasema, "Mwanangu anadanganya."

Akawageukia wazee.

"Alikwenda hospitali. Nilikwenda naye mimi, mama yake, kwa sababu alikuwa hawezi kujifunga hata mkanda. Nilikaa mlangoni nikasikia yote. Tangu siku ile sijala jikoni kwa mkamwana wangu, wala sijaruhusu wajukuu wangu waingie mle. Nilinyamaza kwa ajili ya mwanangu. Sitanyamaza aseme uongo mbele ya zizi la baba yake."

Nilimtazama mgongo ule na sikujua nifanye nini na chuki niliyokuwa nimeilimbikiza mwaka mzima. Alikuwa ameniokoa. Alikuwa pia ameniacha nile sumu mwaka mzima, anajua, anapita mlangoni kwangu anasema "Mwangaluka". Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga. Malimi alikuwa amekaa chini, hatazami mtu.

Masunga akamwambia aseme basi, daktari alisema nini.

"Nitasema," akajibu mayu Milembe. "Nitasema alichokisema daktari, neno kwa neno. Lakini kwanza mkamwana wangu ajibu jambo moja, ili tusionewe peke yetu. Ile kazi ya chubwi, ya kuyeyusha risasi mlango umefungwa, haikuwa kazi ya mji huu. Sisi ni watu wa pamba na ng'ombe. Aseme nani aliyeileta."

Nikaelewa alipokuwa anakwenda, na alikuwa anakwenda kwa akili sana. Shigela naye akaelewa. Kwa mara ya kwanza siku ile aliinua kichwa. Kitu kilichotoka majini, kimeingia katika nyumba ya Malimi. Mwaka uliotangulia, kijiji cha jirani, bibi mmoja alitajwa na kuku kama yule, na nyumba yake ikachomwa akiwamo.

Nikikaa kimya, Milembe hatasema, na mimi naachwa. Nikimtaja aliyeileta, nimemkabidhi kwao.

Nikafungua mdomo. Ninaapa sijui hadi leo nilitaka kusema nini.

Sikuwahi. Upande wa wageni baba yangu alikuwa ameshasimama. Yeye hakumjua kuku. Hakujua risasi imesemwaje hospitali, maana hapo barazani hakuna aliyekuwa ametamka bado kwamba ni sumu. Alichosikia ni kwamba mkwe mwenziwe anauliza nani aliyeleta kazi nzuri katika mji huu, kazi aliyomfundisha mkwewe kwa mikono yake ili binti yake asilale njaa, na kwamba binti anaona haya kumsifu baba yake mbele ya watu. Akaiweka sawa kofia yake.

"Hilo dogo, wazee wangu," akasema baba, uso umejaa fahari. "Msimsumbue mtoto. Ni mimi niliyeileta."

Masunga akamtazama Shigela, na Shigela akatikisa kichwa mara moja kukubali. Nyuma ya wanawake, vijana wa ukoo wakaondoka taratibu, wakaenda kusimama kwenye lango la mji, na mmoja wao akavuta matawi ya miiba kulifunga.

Baba alikuwa bado amesimama, anangoja wamshukuru.